TAHADHARI: Anayeuza "AutoCAD ya maisha" kwa shilingi 4,500 hapa Nairobi

Ndugu zangu mafundi wa wikendi, nyinyi mnaochora usiku na kuchomelea Jumamosi, naomba msome hii kabla hamjatuma pesa. Kuna jamaa anauza "leseni ya maisha" ya AutoCAD, programu ya kuchora michoro ya kiufundi kwenye kompyuta, kwa shilingi 4,500. Anakuwekea programu akiwa mbali, wewe umeketi kwako, na anajibu meseji upesi kuliko duka lolote la mjini. Leseni anayoiuza haipo. Autodesk, kampuni yenye AutoCAD, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za programu hiyo mwisho wa Januari 2016. Tangu hapo unalipia kwa muda, na muda ukiisha unalipa tena au inafungwa. Kwa hiyo mtu akikuambia ana AutoCAD ya 2025 ya maisha, usihangaike kumwomba akupunguzie. Mwache.

Mimi sikujua hilo. Nimelijua baada ya kutoa jumla ya shilingi 6,000, na pesa ndiyo hasara ndogo katika haya ninayoyaeleza.

Nimekuwa nikitengeneza mashine ya kukatia nepia, yale majani ya ng'ombe, ya mamangu mdogo aliye Kikuyu. Ana ng'ombe watatu na bega linalomsumbua, na panga limemshinda. Pleti mbili za pembeni, za milimita 8, ndizo zinazobeba shafti, kila moja na beringi yake ya UCF205, ile ya matundu manne. Matundu hayo yanatakiwa yawe milimita 70 kutoka katikati hadi katikati, pande zote nne. Fundi wangu wa Kariobangi alizikata kwa gesi akifuata mchoro wangu wa karatasi. Nilipopima, upande mmoja ulikuwa 72, mwingine 68 na nusu. Bolti mbili ziliingia, mbili zikagoma. Tukatanua matundu kwa tupa mpaka zikaingia, lakini shafti ikakaa mshazari: kisu kinagusa upande huu, upande ule kinaacha mwanya wa kupitisha kidole. Mashine ya namna hiyo haikati nepia, inaitafuna. Fundi akaniambia bila kunificha, "Kijana wangu, hizi peleka Industrial Area kwa mashine ya plazima. Lakini watakuitisha DXF."

DXF ni faili ya mchoro inayoeleweka na karibu mashine zote za kukata. Nikapakua LibreCAD, ambayo ni ya bure, nikachora pleti jioni mbili, nikaipeleka kwa kidude cha USB. Yule kijana wa plazima akaifungua, akanigeuzia skrini: kati ya tundu na tundu, milimita 1,778. "Boss, hii pleti yako ni kubwa kuliko meza yangu." Nikarudi nyumbani nikiamini kwamba vya bure huharibu vipimo.

Usiku huo huo tangazo likanijia kwenye simu, nalo lilianza hivi: "Umechoka na programu za bure zinazoharibu vipimo?" Alikuwa amelenga mtu kama mimi kabisa, aliyeona aibu mbele ya mwenye mashine na anayetaka jambo liishe. Naomba mwelewe hapo. Haji kwa mtu mjinga. Huja kwa mtu aliyechoka ambaye ana kazi ya kumaliza.

Tuliongea kwa WhatsApp. Aliniita mkubwa kila sentensi. "Mkubwa, hii ni original. Utapata mpaka meseji kutoka Autodesk wenyewe." Nilipotaka kulipa, M-Pesa ikanionyesha jina la mwanamke, na mimi nilikuwa nimesikia sauti ya mwanamume. Nikamwuliza. Akasema ni laini ya mke wake. Nikabonyeza. Kile kidirisha cha kuhakikisha jina kipo kwa sababu ya wakati kama ule, na mimi nilikipita.

Barua pepe kweli ilikuja, na kweli ilitoka Autodesk. Nikaingia, nikapakua, AutoCAD ikafunguka safi. Kwa siku 19 nilichora na kumsifu yule mtu kwa wenzangu wawili, jambo ambalo limenibidi niwaombe radhi.

Siku ya 20 ilikuwa Jumamosi. Nimeweka chai mezani, nimefungua laptopu, na badala ya mchoro ninaona dirisha linaloniambia sina leseni. Nikamwandikia. Akajibu baada ya saa nzima: seva zimebadilishwa, tuma 1,500 nikuwekee ile isiyohitaji intaneti. Nikatuma. Akaniambia nifungue AnyDesk, programu ya kumruhusu mtu aendeshe kompyuta yako akiwa mbali, nimpe namba, kisha nizime Windows Defender, kinga ya virusi ya Windows, "kwa sababu inazuia programu za nguvu". Nikafanya vyote viwili. Kishale kikaanza kutembea chenyewe kwenye skrini, kikifungua na kufunga mafolda. Nikaondoka dakika chache kutoa maharagwe motoni. Niliporudi skrini ilikuwa nyeusi tititi, na kwenye simu kuna meseji: "Usiguse mkubwa, inapakia." Ilikaa nyeusi karibu dakika kumi. Katika mambo yote niliyoyafanya, hizo dakika kumi ndizo zinazoniuma zaidi.

AutoCAD ikafunguka tena. Lakini feni ya laptopu ikawa inavuma hata nikiwa sifanyi chochote, na siku ya pili Google wakanitumia onyo kwamba kuna mtu amejaribu kuingia kwenye akaunti yangu. Hapo ndipo nilipompigia rafiki yangu, mwalimu wa uchoraji wa kiufundi katika chuo cha ufundi. Alikuja na laptopu yake, akaketi nami mpaka saa tano usiku.

Alichonionyesha ndicho kinachonifanya niandike. Kwenye Defender, sehemu ya vitu visivyokaguliwa, diski yote ya C ilikuwa imeorodheshwa. Yaani kirusi chochote kingelala humo bila kuulizwa. AnyDesk ilikuwa imewekewa nenosiri la kuingilia bila mimi kukubali, saa yoyote laptopu ikiwa imewaka. Faili ya Windows iitwayo hosts ilikuwa na mistari kadhaa mipya yenye 127.0.0.1, yaani anwani ya kompyuta yenyewe, na majina ya seva za Autodesk, kusudi programu isiweze kuuliza kama leseni ni halali. Halafu akaniingiza kwenye akaunti yangu ya Autodesk, akaniambia nisome jina la timu niliyomo. Ilikuwa chuo kikuu cha ng'ambo ambacho sijawahi kukisikia. Autodesk huwapa wanafunzi na walimu programu zake bure, mwaka mmoja mmoja. Mtu mwenye uwezo wa kusimamia akaunti ya chuo fulani alikuwa ananiingiza mimi na wengine kama wanafunzi na kutulipisha. Chuo kikigundua kinafuta majina, na ndiyo hiyo siku ya 20. Ndiyo maana barua pepe ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo usiseme "nimepata meseji ya kampuni yenyewe" ukadhani umepona. Fungua akaunti yako usome ni timu ya nani.

Tulifuta Windows nzima tukaiweka upya. Maneno ya siri yote niliyabadilisha kwa simu, si kwa ile laptopu. Kubadilisha nenosiri kwenye mashine yenye ugonjwa ni kumpelekea mwizi lile jipya. Kati ya michoro mitano nimeokoa miwili tu, ile niliyokuwa nimeihifadhi pia kama DXF kwenye USB.

Na kwa wanaosema "nani ataiba michoro yangu ya banda la kuku": mwaka 2012 watu wa ESET, kampuni ya kinga ya virusi, walieleza kirusi walichokiita ACAD/Medre.A, kilichoandikwa kwa AutoLISP, lugha ya ndani ya AutoCAD yenyewe. Kazi yake ilikuwa kutuma michoro ya watu kwa barua pepe hadi akaunti zilizokuwa China, na waathiriwa wengi walikuwa Peru. Michoro ina soko. Na hata kama yako haina, nywila ya benki iliyohifadhiwa kwenye kivinjari ina soko.

Sasa turudi kwa zile milimita 1,778, maana ndizo zilizonifikisha huko. Mwalimu aliitazama namba hiyo kidogo tu, akachukua simu akagawanya kwa 70. Jibu ni 25.4. Inchi moja ni milimita 25.4! Mchoro wangu ulikuwa sawa kabisa. Mashine ya yule kijana ilikuwa inasoma kwa inchi. DXF hubeba namba, na kipimo cha namba hizo huandikwa kwenye mstari mdogo mwanzoni mwa faili ambao pengine haupo, au upo na mashine haiusomi. LibreCAD haikuwa na kosa. Ukiona kazi yako imekuwa kubwa au ndogo kiajabu, gawanya kwanza. Ikitoka 25.4, shida ni vipimo, wala hakuna programu ya kununua. Mimi siku hizi naweka milimita kwenye mipangilio ya mchoro kabla ya mstari wa kwanza, kisha nachora pembeni mraba wa 100 kwa 100 usiokatwa. Mwenye mashine anaupima kwenye skrini yake. Ukisoma 100, tunaendelea.

Programu halali zipo, tena za bure. Kwa pleti bapa LibreCAD inatosha, ila haihifadhi DWG, faili ya AutoCAD yenyewe, inahifadhi DXF, na DXF ndiyo watu wa plazima na leza wanayotaka. Kwa vitu vyenye umbo kamili kuna FreeCAD, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 ya kutengenezwa. Itakusumbua wiki ya kwanza, vumilia. Fusion ya Autodesk ina leseni ya bure kwa matumizi ya binafsi, lakini inakuruhusu faili 10 tu za kuhariri kwa wakati mmoja na si ya biashara. Onshape ya bure inatumika kwenye kivinjari hata kwa laptopu dhaifu, ila michoro yako inaonekana na kila mtu, kwa hiyo usichoree hapo kitu cha mteja. Na wewe mwanafunzi wa chuo cha ufundi, tafadhali: AutoCAD yako ni bure ukijisajili mwenyewe kwenye tovuti ya Autodesk na kuthibitisha chuo chako. Usimlipe mtu hata shilingi hamsini.

Pesa yangu haijarudi. Niliituma meseji ya muamala kwa namba 456 ya Safaricom ili urudishwe, lakini alikuwa ameshatoa zote. Nimeandikisha kituo cha polisi na nina namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio. Meseji zake nimezipeleka 333 ya Safaricom, haitozwi kitu. DCI, wapelelezi wa jinai, nao wana laini ya bure, 0800 722 203. Ikiwa wewe uliuziwa na mtu mwenye duka na stakabadhi, una bahati kuliko mimi: Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai ya hadi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Namba yake siiweki hapa. Laini imesajiliwa kwa jina la mwanamke ambaye huenda hata hajui kitambulisho chake kimetumika, na sitaki watu wamvamie mtu asiye na kosa. Afisa anayo.

Kama uliwahi kumpa AnyDesk, kwa hili tangazo au lolote linalofanana nalo, leo zima intaneti ya hiyo kompyuta, ondoa AnyDesk, angalia ile orodha ya Defender, na ubadilishe maneno ya siri ukitumia kifaa kingine. Kisha ukiwa na meseji zake za WhatsApp na za M-Pesa, usizifute. Andikisha kituo kilicho karibu nawe, halafu niandikie faraghani namba yako ya OB nimpelekee afisa aliye na kesi yangu. Mpaka sasa tuko watatu.