Fundi alivyoning'olea bodi kwenye betri ya taa za dagaa

Jamani mwenye betri ya litiamu hapa Kigoma, yule fundi wa Mwanga sokoni (simtaji, wanaomjua wanamjua) mpelekeeni redio, betri msimpelekee kabisa.

Mimi nina taa za dagaa nakodishia mitumbwi pale Kibirizi. Betri moja ikawa inazima usiku wa manane katikati ya ziwa, wavuvi wanarudi wamenuna, ukipima kwa mita kwenye waya za kutokea inasoma sifuri. Fundi akafungua akapima seli zenyewe huko ndani, volti 8 na ushee. Umeme upo! Bodi, ile saketi ndogo ya kulinda betri, ndo imekata. Na haijakata bure, seli zimepangwa mafungu matatu, bodi inaangalia kila fungu kivyake, moja likishuka kwenye volti 2.5 hivi inakata njia yote hata kama mengine bado yana nguvu. Kwa hiyo kuna fungu limechoka, litafute ubadilishe, si ndo ufundi? Yeye kachukua kipande cha waya kaunganisha seli moja kwa moja na nje, bodi kang'oa. Namuuliza, mwanangu, na ulinzi je? Wala hajainua macho: "Mama, si ulitaka taa iwake? Imewaka." Wateja wakacheka.

Na iliwaka kweli, giza lote lile, mpaka nikasema labda kijana anajua.

Balaa likaja kwenye chaji. Chaja yenyewe inajua jumla tu, 12.6 basi, haijui nani kashiba nani kakosa. Fungu bovu likigoma kwenye 3.6, mawili yaliyobaki yanagawana 9, yaani 4.5 kila moja wakati mwisho wake ni 4.2. Hapo bodi ndo ingekata, sasa bodi iko wapi? Asubuhi nakuta nailoni ya bluu inayofunika betri imekunjamana, seli moja imetema maji yananukia tamu tamu kama rangi ya kucha, na ubao wa chini umebabuka. Watoto wamelala chumba cha pili!

Mkono anao, simnyimi haki yake, redio yangu aliichomelea mpaka leo inaongea, nilitaka nimpe nyota mbili. Ila nikikumbuka kile kicheko... aaah, sifuri, na hiyo sifuri yenyewe namkopesha. Bodi yangu hajanirudishia mpaka leo, nimeiona kwenye kopo lake na zingine kibao, anauza.