Pentax K1000 na mapambo ya mikono: nilichobakiza na nilichovua

K1000, kamera ya filamu, ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ikiwa na sura karibu ileile ya rangi ya fedha na ngozi nyeusi, na wengi wanaoipenda huishia kuivalisha kitu. Vinavyouzwa na mafundi wa mikono havitofautiani sana: kitenge cha kubandika mbele, kitufe cha rangi cha kufyatulia (kinachokazwa juu ya kitufe cha kamera cha kupigia picha), kinyago kidogo cha kuchomeka mahali pa flashi, nywele za simba za uzi kuzunguka lenzi, kifuniko cha lenzi kilichopambwa, na mkanda wa shanga. Nimetumia vyote, vya kununua na vya kutengeneza mwenyewe. Kitenge na kifuniko vinastahili kabisa. Nywele za simba zinastahili zikifungwa inavyotakiwa. Mkanda wa shanga, kwa jinsi unavyouzwa, hapana.

Kitenge ndicho chenye kazi kubwa. Ngozi ya zamani inabanduliwa kwa wembe mwembamba kuanzia kona, baada ya kuipasha joto kidogo kwa draya ya nywele. Usiitupe, ndiyo kipimo chako. Gundi iliyobaki inafutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti. Usiimimine spiriti moja kwa moja, maana ikiingia kwenye matundu ya skrubu inabeba uchafu hadi ndani. Kitenge nacho hakibandikwi hivihivi. Kipige pasi kwanza juu ya kile kitambaa kigumu chenye gundi upande mmoja ambacho mafundi cherehani hukitia ndani ya kola. Bila hicho nyuzi zitachomoka, na gundi itapenya hadi juu iache madoa. Kisha geuza ngozi ya zamani kifudifudi, chora kwa penseli upande wa nyuma wa kitenge (usipoigeuza utapata kipande cha kushoto mahali pa kulia), ukate kwa kisu cha karatasi chenye wembe mpya. Mkasi hautoi mkato safi pale kipande kinapopinda kufuata lenzi.

Kingo zote zipitishe rangi ya kucha isiyo na rangi, zikauke, ndipo ubandike. Mimi natumia tepu nyembamba ya pande mbili. Gundi ya viatu nayo inafaa ukiipaka pande zote mbili na kusubiri hadi isinate kwenye kidole. Super glue iache kabisa, kwani mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo, na ukungu ukiingia ndani ya lenzi ni kazi ya fundi kuufungua na kuusafisha.

Uchaguzi wa kitenge wenyewe unaharibu kazi nyingi ninazoziona. Sehemu ya mbele ya kamera hii ni finyu, kila upande wa lenzi unapata upana wa vidole viwili vitatu tu, kwa hiyo lile ua kubwa lililokupendeza dukani linabaki nusu petali isiyoeleweka. Chukua chenye vidoti au maumbo yasiyozidi sentimita moja. Mlango wa nyuma sishauri kuuvalisha. Shavu na kidole gumba vinagusa hapo kila picha, na kitambaa kinakunywa jasho na mafuta hadi kinabadilika rangi. Halafu nyuzi zikiingia kwenye mfereji wa mlango, ule wenye sponji ya kuzuia mwanga, mlango haukai sawasawa na filamu inaungua pembeni. Utajua ikishasafishwa tu.

Kitufe cha kufyatulia kinapendeza na kinafanya bonyezo liwe laini, lakini kina mtego. K1000 haina kifungio cha kuzuia kitufe chake kisibonyezwe, kwa hiyo ukishavuta filamu na kuitumbukiza kamera kwenye begi, kitufe kilichoinuka kitabonyezwa na chochote kilichomo humo. Kwa filamu ya picha 36 na bei za siku hizi, hiyo ni hasara. Chagua kilicho bapa, na uvute filamu pale tu unapotaka kupiga. Anayetaka kutengeneza mwenyewe ajue kwamba uzi wa skrubu wa pale ni wa mchongoko, skrubu ya kawaida haiingii. Njia rahisi ni kukata ncha ya waya mbovu wa kufyatulia (ule unaokazwa kwenye kitufe ili kupiga picha bila kuigusa kamera) na kuigandisha kwenye kifungo cha shati. Kaza kwa vidole tu.

Kinyago cha mahali pa flashi kinategemea kitako chake. Vingi nilivyokutana navyo vina kitako cha bati, na bati likigusa kidoti cha katikati na reli za pembeni kwa pamoja linaunganisha njia ya umeme ya flashi. Usipotumia flashi hutaona tofauti. Ukiichomeka flashi kwenye tundu la waya la mbele, inaweza kuwaka yenyewe. Kitako kizuri kinatoka kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda: kadi moja ina unene wa milimita 0.76, mbili zikigandishwa zinalegea kidogo, tatu hazipiti mpaka uzisugue kwa msasa. Mimi napendelea tatu za kusugua. Juu yake weka kitu chepesi kisichozidi sentimita tatu, la sivyo kitagonga ukingo wa kofia yako kila ukichungulia. Sumaku usitie, kwani kipimamwanga cha kamera hii ni mshale wa galvanometa, na sumaku kali karibu nao inaweza kuuvuta.

Nywele za simba ni za kuwafanya watoto watazame lenzi, na kweli wanatazama. Tatizo ni kwamba lenzi ya 50mm f/2 ni fupi, karibu yote ni pete za kuzungushwa, na lastiki ikikaa hapo fokasi inakuwa ngumu au diafragma (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) inahama bila wewe kujua. Tafuta fremu ya filta ya 49mm isiyo na kioo, funga nyuzi juu yake, uikaze mbele ya lenzi. Nyuzi zisizidi sentimita mbili na zilale kuelekea nyuma. Usitegemee jicho kuhakiki, maana dirisha la kuchungulia la K1000 halionyeshi picha nzima, na unyoya unaoingia kwenye kona hutauona mpaka picha itoke. Wenye kamera ya Olympus Trip 35 waliache kabisa pambo hili. Kipimamwanga chake ni ile duara yenye vidoti kuzunguka lenzi. Ukiitia kivuli, kamera inaamini kuna giza, bendera nyekundu inapanda dirishani na inakataa kupiga. Kwenye kamera ya Zenit-E kipimamwanga kipo juu ya lenzi, hapo pia pasifunikwe.

Kifuniko cha lenzi ndicho ninachokipa alama zote. Kipimamwanga cha K1000 hakina swichi. Mwanga ukiingia kwenye lenzi kinafanya kazi na betri ya LR44 inaliwa, hata kamera ikiwa imelala tu bila kutumika. Kwa hiyo kifuniko ndiyo swichi, na kikipambwa hakisahauliki mezani. Bandika kiduara cha kitenge bila kufunika vibano vya pembeni, na ukifunge kwa kamba fupi kwenye pete ya mkanda. Kamba ndefu inapeperuka mbele ya lenzi.

Mkanda sasa. Shanga za kioo zikianzia kwenye pete ya kamera zinakwangua rangi na kugonga lenzi, zikifika begani zinauma. Zianze sentimita 15 juu ya pete na ziishie kabla ya bega, zitungwe kwa mshipi wa kuvulia, uzi wa pamba unakatika. Kamera na lenzi vinakaribia gramu 800, kwa hiyo kanga au kitenge kishonwe juu ya mkanda wa nailoni wa begi. Na kwenye kila pete weka kipande cha ngozi chenye tundu kati yake na kamera. Muuzaji asiyekionyesha kwenye picha zake, muulize kabla ya kulipa.