Tendaguru nyota tano, kiongozi wetu sijui nimpe nini

Nianze na hasira kwanza. Sifa zitafuata zikipata nafasi.

Tulichukua safari ya kwenda na kurudi kutoka Lindi mjini hadi kilima cha Tendaguru, kule ilikofukuliwa mifupa ya wale mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, iliyopelekwa Ujerumani. Kampuni siitaji. Bei, chakula, saa ya kuondoka, hayo wapigieni watawaambia wenyewe, na kwenye simu wanaongea vizuri ajabu. Tulikwenda masika yalipokwisha, mimi na mtoto wa dada yangu aliye kidato cha pili, pamoja na wageni wachache kutoka Dar. Ni kilomita kama 60 tu, ila mgongo utazikumbuka. Hilo silalamikii, maana anayetaka lami abaki mjini.

Tumefika. Wakubwa tukapiga picha, mtoto akawa anaangalia chini. Pembeni ya njia kuna jabali la mchanga limejitokeza, na ndani yake makombe ya baharini. Yamejaa, yameganda kwenye jiwe, ukipitisha kidole unazihisi zile mbavumbavu za gamba. Akauliza kwa adabu zote: "Samahani kaka, makombe yamefikaje huku juu?"

Kiongozi hata hakuinama. "Hayo watu walikula wakatupa. Twendeni, muda unakwenda."

Walikula wakatupa. Ndani ya jiwe!

Nikamwambia kwa upole, kaka, hebu tazama, yamo ndani ya mwamba haya. Akanikagua kuanzia viatuni hadi kwenye mtandio. "Madam, kama unajua kila kitu basi ongoza wewe, mimi nikalale garini." Kisha akamgeukia mtoto: "Na wewe, maswali ya shule uliza shule." Wageni wengine wakacheka. Mtoto akanyamaza mpaka jioni.

Sasa mnielewe kwa nini nimekasirika hivi, maana mtu atasema makombe tu hayo, Mama. Swali lile ndilo kilima chenyewe! Miaka milioni 150 iliyopita, mwishoni mwa zama za Jurasiki, pale palikuwa pwani. Maji yalikuwa yanajaa na kupwa pale. Palikuwa na wangwa, yaani ile tambarare ya tope inayofunikwa maji yakijaa, na mafungu ya mchanga, na nyuma yake mabwawa ya chumvi. Mijusi walishuka kutoka bara, bahari ikapanda ikafunika, ikarudi, mijusi wakashuka tena. Ndiyo maana wataalamu wanahesabu matabaka matatu ya mifupa, na katikati yake matabaka ya mchanga wa bahari yenye makombe, yale yale aliyoyaona mtoto. Na yule kijana ni mzaliwa wa Lindi, alituambia mwenyewe. Wangwa anaujua tangu utotoni. Angesema tu "hapa palikuwa kama kule kwetu pwani bamvua likitoka", wote tungeelewa, na mimi leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Badala yake tulipewa picha. Karatasi kubwa iliyofunikwa plastiki, anaitembeza mkono kwa mkono kama kadi ya harusi. Mijusi wanakula nyasi, Kilimanjaro kwa nyuma na theluji yake, na Tirexi, yule dinosaria mla nyama (T. rex), ameachama mdomo mbele kabisa. Hapo nikashindwa nianzie wapi. Nyasi hazikuwepo zama hizo, wala maua. Walikuwa na makangaga, na huko bara ndani misitu ya miti ya jamii ya misonobari. Kilimanjaro ni mtoto wa juzi, hana hata miaka milioni 3. Na Tirexi aliishi Amerika ya Kaskazini, tena mwishoni kabisa, karibu na lile jiwe la angani lililoanguka Meksiko miaka milioni 66 iliyopita. Piga hesabu mwenyewe: Tirexi yuko karibu zaidi na sisi wenye simu mikononi kuliko na mijusi wa Tendaguru.

Theluji nayo! Dunia ya wakati ule ilikuwa na joto kuliko ya sasa. Pale Tendaguru mvua zilikuwa na msimu wake, halafu kiangazi kirefu kikali. Wachimbaji walikuta hata miguu ya mijusi imesimama wima ardhini, na wapo wanaoamini kwamba mnyama alinasa kwenye tope akafia hapo hapo amesimama. Ningependa kusikia hilo nikiwa nimesimama juu ya udongo huo huo. Nikaja kulisoma nyumbani.

Alichokijua vizuri ni Berlin. Berlin, Berlin, Berlin. Kwamba mjusi wetu yuko kule, kwamba ana urefu wa mita 13 kwenda juu, kwamba watu wanalipa kiingilio kumwona, kwamba arudishwe. Sawa, na mimi damu inanichemka nikifikiria hilo, simpingi. Lakini hata hapo alitupunja. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa iliyosafirishwa ni zaidi ya tani 220. Nani alibeba? Nzi wa ndorobo walikuwa wanaua wanyama wa mizigo, kwa hiyo ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini Lindi. Watu hao walikuwa ndiyo kwanza wametoka kwenye Vita vya Maji Maji na njaa yake. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani, fundi wa kuifukua na kuiandaa mifupa ambaye Wajerumani wenyewe walimtegemea, hadi mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Kiongozi wetu hakumtaja hata mara moja. Sattler, yule mhandisi Mjerumani aliyetoa taarifa za mifupa mwaka 1906, alitajwa mpaka nikachoka. Hao Wamwera waliokuwa wakiishi hapo na kupita kwenye mifupa hiyo kila siku, kimya.

Haya, nimepumua kidogo. Dada yangu amesoma mpaka hapo akaniambia ninamwonea kijana wa watu. Pengine. Sidhani kama kuna aliyemfundisha. Wamempa karatasi ya plastiki na fulana yenye nembo, wakamwambia nenda. Analipwa kwa safari, akichelewa kurudi anakatwa, nilimsikia akibishana na ofisi kwenye simu. Kwa hiyo nyota moja niliyokuwa nimemwandalia nikaiongeza, zikawa mbili.

Kisha nikakumbuka "maswali ya shule uliza shule" alivyolisema mbele za watu. Hapana. Kutojua nakusamehe. Kumfunga mtoto mdomo ili kutojua kwako kusionekane, hapo hapana. Imerudi moja.

Na kilima je? Ukiambiwa hakuna cha kuona, usikubali. Ni kweli hakuna mifupa iliyosimama, ni miombo na vichaka na upepo, na ukienda ukitarajia makumbusho utalia. Lakini ukishajua kwamba ardhi ile ilikuwa ukingo wa bara kubwa la Gondwana linalopasuka, Madagaska na Bara Hindi vikiwa bado vimeshikana na kujitenga polepole na Afrika, bahari ikiingia kwenye ufa, basi kila jiwe unalipita kwa heshima. Nilikaa pale na kiti cha kuazima garini na sikutaka kuondoka. Kwa kilima peke yake ningelipa tena. Naona aibu kusema hivyo baada ya kulalamika kote huku, ila ndivyo ilivyo.

Jambo la mwisho ni dereva. Mtu mzima, mpole, njia nzima hakuongea zaidi ya "shikeni vizuri". Wakati wa kurudi akasimamisha gari kwenye korongo bila kumuuliza kiongozi, akashuka, akamwita mtoto: "Njoo mjukuu wangu." Akamwonyesha ukuta wa korongo, chini udongo mwekundu, juu yake mkanda wa mchanga uliojaa makombe, juu yake udongo tena. "Mimi sijasoma," akasema, "ila haya maji yalikuja yakaondoka." Akarudi garini, akawasha.

Ofisini nimewaandikia. Wamejibu kwamba wanathamini maoni yangu na wananikaribisha tena kwa punguzo. Nimewajibu kuwa nitakuja, ila kiongozi abaki mjini, na yule dereva alipwe pesa za wote wawili. Hadi sasa hawajajibu. Wakijibu nitarekebisha hizi nyota.