Kipima hewa ukaa cha mkononi: tathmini kutoka Goma

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kipima hewa ukaa cha mkononi, chenye ukubwa wa simu ya vitufe, ambacho siku hizi kinapatikana katika maduka kadhaa ya vifaa vya ujenzi mjini Goma kwa takriban dola 180. Ninakitumia kazini, kwa kuwa nasimamia mafundi wanaochimba misingi na mashimo ya vyoo upande wa magharibi wa mji, kuanzia Himbi na Keshero hadi Bulengo na barabara ya Sake, ambako hakuna mchimbaji asiyeyajua mazuku, yaani hewa ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni na mashimoni. Jina la kiwanda silitaji, maana vifaa vya namna hii vinafanana sana kwa ndani, na niyasemayo yanahusu aina nzima.

Kama unafanya kazi mabondeni au mashimoni, kinunue. Kama umeambiwa kwamba kitakuonya kabla Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu, haujalipuka, fedha zako zibaki mfukoni. Nasema hivyo kwa sababu muuzaji aliyenihudumia alinihakikishia, bila kupepesa macho, "Papa, ukiwa na hii, mlima hauwezi kukushtukiza tena," na juu ya sanduku kumebandikwa picha ya volkano inayotema moto.

Kazi yake halisi kinaifanya vizuri. Ndani mna taa ndogo ya infraredi na kihisio kinachoitazama. Hewa ukaa hufyonza sehemu fulani ya miale hiyo, na kadiri inavyofyonzwa zaidi ndivyo namba kwenye skrini inavyopanda. Hapo ndipo kinapotofautiana na vile vipima vya gesi nne ambavyo kampuni nyingi za ujenzi huwapa wafanyakazi wao. Hivyo hupima oksijeni, kaboni monoksidi, salfidi ya hidrojeni na gesi zinazowaka, lakini hewa ukaa havipimi kabisa, na watu hujifariji kwamba kengele ya oksijeni itatosha. Haitoshi, na hesabu yake si ngumu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na kengele hulia oksijeni inaposhuka hadi 19.5. Ili hewa ukaa iipunguze oksijeni kiasi hicho kwa kuchukua nafasi yake tu, ni lazima yenyewe iwe imefika karibu asilimia 6.7 ya hewa yote, ilhali viwango vya usalama kazini huhesabu asilimia 4 kuwa tayari ni hatari kwa uhai.

Hili nililishuhudia Bulengo, asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza. Shimo lilikuwa limechimbwa ndani ya makoro, yaani mawe ya lava, siku iliyotangulia na kuachwa wazi usiku kucha. Nilivifunga vifaa vyote viwili kwenye kamba moja nikavishusha polepole. Ukingoni kipima hewa ukaa kilisoma sehemu 900 kwa milioni. Kilipozama kimo cha mtu kilikuwa kimeshaanza kulia. Chini kabisa, karibu na mjusi aliyekufa akiwa amelala chali, kilionyesha asilimia 4.6. Kile cha gesi nne kilikuwa kando yake kikionyesha oksijeni 19.9, kimya kabisa. Mafundi walitazama skrini hizo mbili, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, hivyo hutulia chini kama maji hadi jua na upepo viitawanye. Saa nane mchana shimo lilelile lilikuwa na chini ya nusu ya kiasi hicho.

Kasoro zipo. Kihisio cha infraredi huhesabu molekuli zilizo mbele yake, na Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Kifaa kilichosawazishwa kwa ajili ya pwani kitasoma pungufu kwa karibu asilimia 15, na upungufu wa aina hiyo ndio mbaya kuliko wote kwa chombo cha usalama. Sehemu ya kuingiza mwinuko ipo, ila imefichwa ndani sana ya mipangilio, na kijitabu cha maelezo hakina hata ukurasa mmoja wa Kifaransa, sembuse Kiswahili. Pia kifaa hujisawazisha chenyewe kwa kudhani kwamba kiwango cha chini kabisa kilichokutana nacho ndani ya siku kadhaa ni hewa safi ya nje. Ukikiweka katika stoo iliyojengwa juu ya ufa unaopumua gesi, kitaipokea hewa hiyo chafu kuwa ndiyo kawaida. Zima huduma hiyo mapema.

Sasa nirudi kwenye ahadi ya muuzaji. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikiwa chini sana ardhini hubaki na gesi zake zikiwa zimeyeyuka ndani yake kwa sababu ya mgandamizo. Inapopanda, mgandamizo hupungua na gesi huanza kujitenga. Hewa ukaa hutoka mapema, magma ingali katika kina kirefu, ilhali dioksidi ya salfa hutoka kwa wingi magma inapokaribia uso wa dunia. Ndiyo maana wataalamu huzipima gesi hizo mbili pamoja katika moshi wa kreta na kuangalia uwiano wake: hewa ukaa ikizidi ghafla dhidi ya salfa, huenda magma mpya inaingia kutoka chini, jambo ambalo limeonekana kwenye volkano za Etna na Stromboli, nchini Italia, kabla ya milipuko. Salfa yenyewe hupimwa hata kwa mbali, kwa spektromita inayochunguza mwanga wa jua uliopita ndani ya moshi, katika mionzi ya urujuanimno. Matokeo huunganishwa na kasi ya upepo ili kupata tani zinazotoka kwa siku. Vifaa vya aina hiyo viliwekwa kuzizunguka Nyiragongo na Nyamulagira kuanzia 2004, na tangu 2017 satelaiti ya Sentinel-5P nayo huona wingu la salfa kutoka angani. Kifaa cha dola 180 hakina kihisio cha salfa hata kimoja. Namba kinayokupa shimoni, ingawa gesi hiyo asili yake ni magma, hupanda na kushuka kwa amri ya upepo, jua na umbo la bonde.

Na hata wenye vifaa kamili hawasomi gesi kirahisi hivyo. Pinatubo, nchini Ufilipino, ilitoa tani kama 500 za dioksidi ya salfa kwa siku katikati ya Mei 1991, ikafika zaidi ya 5,000 mwishoni mwa mwezi, kisha ikapungua sana; kupungua huko hakukuwa nafuu, maana njia ya gesi ilikuwa imeziba, na mlipuko mkubwa ukatokea tarehe 15 Juni. Sisi wa Goma tuna mfano wetu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo, ambao ziwa lake la lava lilikuwa likitoa gesi wazi miaka yote, ulipasuka ubavuni, na ishara za wazi katika mitambo ya mitetemo zilitangulia kwa muda usiofika saa moja. Sijui muuzaji wetu anadhani sanduku lake lingeona nini.

Betri hudumu siku nzima ya kazi, na kengele inasikika hata penye mashine ya kuchanganyia zege. Klipu ya mkanda ni dhaifu, tumia kamba. Kabla ya kulipa, hakikisha kipimo kinafika angalau asilimia 5, kwa sababu kuna kingine kinachofanana nacho kabisa, cha bei nafuu, kilichotengenezwa kwa ajili ya ofisi, ambacho huishia sehemu 5,000 kwa milioni, yaani nusu ya asilimia moja. Hicho hujaa kikomo hata kabla hakijafika chini ya shimo, na hakiwezi kumwambia mchimbaji kama chini kuna asilimia moja au kumi.