Kipandikizi cha jino kwa leza na kwa kisu: nafuu iko katika hatua ipi?

Nimewekewa vipandikizi viwili vya meno ya chini, yaani skrubu za metali ya titani zinazopandwa katika taya ili kubeba meno bandia, katika kliniki moja ya Nairobi, kimoja kwa kisu cha upasuaji na kingine kwa msaada wa leza. Huduma ya leza naisifu kwa dhati, lakini kwa hatua moja tu ya matibabu, ambayo matangazo ya kliniki nyingi hayaitaji.

Tundu la kuingizia kipandikizi katika taya lilichimbwa kwa keekee mara zote mbili. Ndivyo kazi hii inavyofanywa kwa kawaida tangu Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alipomtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa vipandikizi vya titani mwaka 1965, kwa sababu tundu hilo linahitaji upana, kina na mwelekeo sahihi. Mfupa nao hudhurika ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja, na ndiyo maana keekee hupozwa kwa maji ya chumvi muda wote. Ipo leza ya erbiamu inayoweza kukata mfupa, ila kudhibiti kina kwayo ni vigumu zaidi. Ganzi ilipokolea sikusikia maumivu, isipokuwa mtetemo, na uvimbe wa siku zilizofuata ulikuwa uleule kwa vipandikizi vyote viwili.

Tofauti ilijitokeza miezi kadhaa baadaye, titani ilipokwisha kushikana na mfupa na ufizi ukahitaji kufunguliwa ili taji, yaani jino bandia lenyewe, liweze kufungwa juu yake. Kipandikizi cha kwanza kilifunuliwa kwa kisu, nikachomwa sindano za ganzi, nikatoka damu na kushonwa nyuzi zilizonikwaruza ulimi hadi zilipotolewa. Cha pili kilifunuliwa kwa leza ya dayodi, ambayo hukata ufizi na papo hapo kuziba mishipa midogo ya damu. Ganzi iliyohitajika ilikuwa kidogo, damu haikutoka, sikushonwa, na jioni ile nilikula wali na mchuzi kwa upande wa pili bila kumeza dawa ya maumivu. Harufu ya kuungua ipo, na mgonjwa mwenye hofu anastahili kuelezwa mapema, sawa na sababu ya kuvalishwa miwani maalumu. Utando mweupe uliofunika kidonda haukuwa usaha, ingawa kidonda cha leza huweza kuchelewa kidogo kufunga kuliko cha kisu.

Daktari alipima ufizi wangu kwanza, na hapo ndipo nilipomwamini zaidi. Leza huuondoa ufizi inaoukata, hali kisu kinaweza kuusogeza pembeni na kuuhifadhi; mwenye ufizi mgumu uliobaki kidogo kuzunguka kipandikizi anahitaji kisu, hata kama atashonwa, kwa sababu ufizi huo ndio unaomwezesha kupiga mswaki mahali hapo bila kuumia kwa miaka mingi. Kliniki inayotoza bei ya juu kwa kipandikizi cha leza bila kupima hilo wala kutaja hatua ambayo leza itatumika, singeilipa nyongeza hiyo.