Laga nyeusi ya Kijerumani kwa mbuzi wa Desemba: ipi ununue ukiwa Moshi au Arusha

Kila Desemba, mabasi yanapoanza kushusha watu Moshi na vihamba vya Kibosho, Machame na Marangu vikijaa wageni, naulizwa swali lile lile: nibebe kinywaji gani cha kupeleka nyumbani mbali na kreti ya bia tuliyoizoea? Jibu langu halijabadilika. Tafuta chupa mbili tatu za laga nzito nyeusi ya Kijerumani, ile iliyoandikwa Doppelbock kwenye lebo. Mimi naiita dopeliboki. Si bia ya kukata kiu baada ya mpira, wala haina uchungu wa kukunja uso. Ni bia ya kimea, ya kunywa polepole, na mtu aliyekulia kwenye mbege, pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi, huielewa upesi kuliko aliyezoea bia za baridi peke yake.

Hilo nililiona kwa macho. Shangazi yangu anapika mbege mpaka leo, na mwaka jana nilimmiminia dopeliboki kwenye glasi. Aliinusa kwanza, kama anavyonusa mso, yaani uji wa ulezi, kabla hajauchanganya na nyalu, zile ndizi zilizopikwa zikachachuka. Akanyamaza. Akapiga funda moja, akaweka glasi chini. "Hawa wamepika kimea," akasema. "Hawakukimbia."

Basi hicho ndicho kipimo nilichotumia kupanga bia zilizomo humu. Nani hakukimbia.

Mso ni wa kimea cha ulezi. Dopeliboki ni kimea cha shayiri, na ni kingi. Wajerumani hupima uzito wa maji ya kimea kabla hayajachachuka. Laga ya kawaida huwa kwenye nyuzi 11 au 12 za kipimo hicho. Dopeliboki huanzia 18. Kimea chake hukaushwa kwa joto kali zaidi, ndiyo maana ukiinua glasi kwenye mwanga unaona rangi ya mninga uliopigwa msasa, na pembeni wekundu kidogo. Kwa njia ya zamani mpishi huchota sehemu ya uji wa kimea, akauchemsha kando, akaurudisha kwenye pipa, na pengine akarudia tena. Humo ndimo inamotoka ladha ya ganda la mkate, ukoko wa wali, karameli na sukari guru. Baada ya hapo chachu hufanya kazi kwenye baridi, na bia hulazwa baridini wiki nyingi, hata miezi, mpaka makali yatulie. Shayiri yenyewe si ngeni kwetu, maana inalimwa Karatu, Monduli na West Kilimanjaro kwa ajili ya viwanda vya bia.

Asili yake ni watawa. Katika karne ya 17, watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola waliokuwa Munich walipika bia nzito ya kuwashikilia wakati wa Kwaresima, chakula kigumu kikiwa kimezuiwa. Waliihesabu kuwa mkate wa kunywa, na wazee wetu wanaosema mbege ni chakula hawatashangaa. Bia hiyo ikaja kuitwa Salvator, yaani Mwokozi, na viwanda vingine vilipopika ya kwao vikabuni majina yenye mwisho ule ule: Celebrator, Optimator, Maximator, Triumphator. Kwa hiyo ukiona rafuni chupa ya Kijerumani ambayo jina lake linaishia na "ator", isogelee uisome. Na yule beberu unayemwona kwenye lebo nyingi ametokana na matamshi. Bia za ukoo huu zilianzia mji wa Einbeck, kaskazini mwa Ujerumani. Watu wa Bavaria walilitamka jina la mji kwa lafudhi yao mpaka likasikika "ein Bock", yaani beberu mmoja. "Doppel" ni maradufu.

Kabla ya kutoa hela

Usitegemee kuikuta kwenye grosari ya mtaani. Jaribu rafu ya vinywaji vya nje kwenye supamaketi kubwa na maduka ya mvinyo ya mjini, na anzia Arusha kabla ya Moshi. Ukikosa, kuna ndugu anayerudi kutoka Ulaya: mwambie azifunge kwenye nguo, azilaze katikati ya begi kubwa, si kwenye begi la mkononi. Ukiziona dukani nunua siku hiyo hiyo, maana ukirudi wiki ijayo unaweza kukuta nafasi yake imekaliwa na kitu kingine.

Lakini usinunue kwa furaha ya kuiona tu. Duka moja Arusha, silitaji, liliniuzia chupa iliyokuwa dirishani, jua la saa nane likiipiga ubavuni. Niliilipia bei nzito, nikaenda kuifungua mbele ya wageni. Ilinuka boksi lililoloa mvua, na utamu wake ulikuwa kama maji ya sukari. Joto lilikuwa limeizeesha. Tangu siku hiyo nachukua chupa ya nyuma kabisa rafuni, kwenye giza, na nasoma tarehe nikiwa bado dukani. Kwenye lebo ya Kijerumani tarehe ya ubora hutanguliwa na maneno "mindestens haltbar bis", na huandikwa siku, mwezi, kisha mwaka. Dopeliboki huvumilia kukaa kuliko laga nyepesi, hivyo bia iliyobakiza miezi miwili na imetunzwa mahali penye ubaridi hainipi hofu. Bia iliyobakiza mwaka mzima lakini imekaa juani, iache. Jua likiipata hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, huleta harufu ya kicheche, na hakuna friji itakayoiondoa. Angalia pia kifuniko kama kina kutu, na stempu ya kodi ya TRA, ambayo unaweza kuikagua kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu.

Jambo la mwisho kwenye lebo ni kilevi, na hapa naomba msomaji wangu atulie. Wajerumani huandika "Alk. 7,9 % vol", mkato mahali pa nukta. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 7.9 ina kilevi karibu mililita 40. Kilimanjaro ya nusu lita, yenye asilimia 4.5, ina mililita 22 na nusu. Maana yake chupa moja ya Kijerumani ni kama Kilimanjaro moja na robo tatu, na utamu wake hauonyi. Nimeona watu wazima wakinywa mbili kama soda kisha wakatafuta ukuta wa kuegemea. Mwenye kuendesha gari kushuka Kibosho usiku asiiguse. Kama ameshaigusa, alale hapo hapo.

Ya kwanza: Ayinger Celebrator

Hii inapikwa Aying, kijiji kilicho kusini mashariki mwa Munich, na ina asilimia 6.7. Chupa ni ndogo, mililita 330, na shingoni inaning'inia sanamu ndogo ya mbuzi ya plastiki nyeupe.

Naiweka juu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ladha. Ni nyeusi kuliko zote nne, karibu na rangi ya kahawa, na povu lake ni la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ukiinusa unapata tende, zabibu kavu, na nyuma yake harufu ya bua linalowaka kwa mbali. Mdomoni inaanza tamu, unadhani itabaki tamu, halafu mwishoni inakauka. Ukavu huo wa mwisho ndio unaoipa nafasi kwenye nyama. Tuliinywa na mbuzi aliyechomwa kwa moto wa taratibu, mbavu zenye mafuta yaliyoganda kidogo pembeni, chumvi na ndimu tu. Kila funda lilisafisha mafuta, na kila tonge la nyama liliurudisha utamu wa kimea. Mezani watu waliacha kuzungumza. Kwa mbuzi wa Desemba sijapata bia inayokaribia hiyo.

Sababu ya pili ni hesabu niliyoitaja. Kwa ukubwa wa chupa yake, Celebrator moja ina kilevi mililita 22, yaani sawasawa na Kilimanjaro moja ya nusu lita. Unapata ladha ya bia nzito bila mzigo wake wote. Kasoro yake ni bei, kwani kwa kila mililita huwa ghali kuliko wenzake. Mimi nailipa. Yule mbuzi wa plastiki shangazi alimchukua, akamfunga kwenye shingo ya kibuyu chake, na yupo hapo mpaka sasa.

Ya pili: Weihenstephaner Korbinian

Ina asilimia 7.4, na chupa ni ya nusu lita. Kiwanda chake kiko Freising na hujitambulisha kuwa kikongwe kuliko vyote duniani, kikihesabu tangu mwaka 1040. Jina ni la Mtakatifu Korbiniano, ambaye hadithi inasema dubu alimuulia farasi wake wa mizigo, naye akamwamuru dubu huyo abebe mizigo mpaka Roma.

Korbinian ni laini. Imejaa karameli, njugu zilizokaangwa na tini zilizokauka, na haina ule moshi wa Celebrator. Kama nyumbani chakula kikuu ni machalari au mtori badala ya nyama choma, ipandishe iwe ya kwanza. Ndizi zilizopikwa na nyama zina utamu wao wa upole, na bia hii huufuata badala ya kuupiga kumbo. Nilipoonja zote mbili jioni moja, Korbinian ndiyo iliyonifanya nielewe shangazi alimaanisha nini, kwa kuwa hakuna ladha inayokurupuka ndani yake. Imeshuka nafasi moja tu kwa sababu mbele ya mbuzi mwenye mafuta inazidiwa.

Ya tatu: Paulaner Salvator

Hii ndiyo mama yao, asilimia 7.9, na jina la Paulaner ndilo utakalolikuta kirahisi zaidi kati ya haya. Rangi yake si nyeusi kabisa. Ni shaba iliyoiva, kama asali ya porini ikiwa kwenye chupa. Ni tamu kuliko zile mbili na nzito tumboni, na kilevi chake unakihisi kifuani kama joto la tangawizi.

Heshima yake ni kubwa na ningependa kuiweka juu, lakini ninanunua kwa ajili ya meza, si kwa ajili ya historia. Glasi ya kwanza ni nzuri sana. Ya pili inachosha. Inunue kama mko wanne na mtagawana chupa moja baada ya kula, usiku ukiwa na baridi. Ukiinunua uinywe peke yako, nusu ya mwisho utailazimisha.

Ya nne: Spaten Optimator

Ya Munich pia. Ni bia safi isiyo na kosa, ina mkate na karameli, lakini haina kitu kinachokaa kichwani kesho yake. Kama ndiyo pekee iliyopo rafuni na tarehe ni nzuri, chukua.

Iliyo nje ya orodha, na pa kukimbilia ukikosa zote

Schneider Aventinus, asilimia 8.2, huwekwa rafu moja na hizi lakini si laga. Ni ya ngano na chachu yake hufanya kazi kwenye joto, hivyo inatoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu. Siipangi na wenzake kwa kuwa ni mchezo mwingine. Ila kama una mzee Mchaga ambaye hajawahi kupenda bia ya chupa, anza naye hapo. Ile ndizi ataitambua.

Ukizikosa zote, Castle Milk Stout ndiyo ya karibu kwa bei ya kawaida. Kimea chake kimechomwa zaidi na inaelekea kahawa kuliko mkate, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba ni kitu kile kile. Kwenye nyama choma inafanya kazi vizuri. Kununua laga yoyote ya dhahabu kwa sababu tu ni ya Kijerumani hakutakupa unachokitafuta.

Sasa kuhusu baridi. Mhudumu akikuuliza "ya baridi au ya moto?", kwa bia hii wanywaji wa moto wako karibu na ukweli kuliko sisi wengine. Iliyotoka kwenye friza haina ladha, ulimi unakufa ganzi na kimea kinajificha. Iliyokaa sebuleni Moshi mchana wa Desemba nayo inazidi, kilevi kinapanda puani. Lenga nyuzi joto 10 hadi 12. Ukiwa Moshi, itoe kwenye friji dakika 20 kabla ya kuifungua. Arusha mwezi wa Julai unaweza kuiacha dirishani usiku, ikatosha.

Tumia glasi yenye tumbo, hata ya mvinyo. Inamisha, mimina mpaka nusu, acha povu litulie, inusa. Iliyobaki kwenye chupa iache mezani wakati nyama inakatwa. Ukiimimina baadaye itakuwa imepata joto kidogo, na hapo ndipo tende na sukari guru zinapotoka.