Kibanda cha ming'oko pale Feri, Mtwara: nyota nne, ya tano nimeizuia

Jumapili napanda basi la Dar, na kutoka hapo ndege mpaka Harbin, China, masomoni miaka miwili. Wanasema Januari kule baridi inashuka nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri. Baridi nitainunulia koti. La kuikosa ming'oko sina dawa yake.

Kibanda hakina jina. Ukifika Feri, pale watu wanaposubiri boti la Msanga Mkuu, fuata moshi. Mama ana masufuria mawili na benchi moja lililoegemezwa kwenye tofali. Ukiinuka bila kumwambia mwenzako, anakwenda chini na bakuli lake.

Ming'oko ndiyo imenileta hapa miaka sita. Ni mizizi ya porini, inachimbwa kiangazi kama sasa, myembamba kama vidole. Wengi wanaichemsha harakaharaka, unakula huku unachomoa nyuzi kwenye meno. Ya huyu mama unaibana kwa kucha tu, ganda linatoka kama soksi, ndani laini na bado ina harufu ya udongo. Unachovya kwenye chumvi iliyotwangwa na pilipili. Fungu shilingi 500. Niliwahi kumuuliza siri yake, akanicheka: "Mwanangu, kuni tu. Wenzangu wana haraka."

Supu ya pweza inategemea mwezi. Njoo siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na pweza wapo. Utatafuna mpaka taya zichoke. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, unakunywa ndimu na pilipili, kinyama kimoja kinazunguka kama kimepotea, na bei ni elfu moja ileile. Nyota ya tano imezama humo.

Nyumbani mama yangu keshanifungia kilo mbili za korosho, za msimu uliopita, maana mikorosho sasa hivi ndiyo kwanza ina maua na vijijini watu wanapuliza salfa kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Nashukuru, ila korosho hainipi shida, inasafiri. Mwaka juzi nilimpelekea dada yangu ming'oko Dar, basi likaharibika njiani tukalala. Kufungua mfuko asubuhi, inateleza na inanuka kama pombe. Dada aliila miwili kwa heshima.

Jambo jingine, nenda na hela ndogondogo. Ukimpa mama noti ya elfu kumi atakwambia chenji utaikuta kesho, na kesho hiyo ina tabia ya kusogea. Mimi nina elfu tatu zangu pale tangu mfungo wa Ramadhani. Jana nilipokwenda kuaga nikamkumbusha, nusu utani. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniongezea fungu moja bure.

"Hizo zikae," akasema. "Ukirudi utazila."